Tukigombana waifu anacheka upande mmoja wa mdomo huku anakunja nguo. Hii lugha mnaisomaje?

#1 Mtu wa Kihonda
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye ndoa mwaka wa 6, watoto 2, mke wangu mtu mpole tu na majirani wote wanamsifia. Shida yangu ni moja na naomba mnisaidie mnaojua kusoma watu. Tukianza kugombana huyu mtu hajibu. Anaenda kwenye kabati anatoa nguo ambazo ZIMESHAKUNJWA, anazikunjua, anaanza kuzikunja upya moja moja, anazinyoosha na kiganja kama anapiga pasi. Halafu mimi nikiwa katikati ya pointi yangu nzito kabisa anacheka. Sio kwa sauti, ni kona ya mdomo ya kushoto inapanda kidogo halafu inarudi, sekunde moja tu. Basi hapo nachanganyikiwa nasahau hata nilikuwa nalalamikia nini.

Juzi ilikuwa ni hela. Nilimtumia mdogo wangu laki 2 ya kulipia fremu ya duka bila kumwambia, akaona meseji. Mwenye kosa ni mimi nakubali, ila nilivyoanza tu kujieleza zile nguo zikatoka. Kuna shati langu moja alilikunja mara 3, nimehesabu. Na kile kicheko kikaja nilivyotamka neno "ndugu".

Swali: ile ni dharau, ni hasira, au ni nini? Asiyeoa apite kimya kimya.

#2 Kijiko cha Chai
Nimewahi siti ya dirishani. Sijaoa na sipiti kimya, nimekuja na karanga.

#3 Mwalimu wa Zamu
Mtoa mada, wataalamu walishasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Kwa hiyo mkeo ameshakujibu sana, wewe ndo hujui kusoma. Kona moja ya mdomo ni dharau, hakuna tafsiri nyingine. Jipange.

#4 Mama Pilipili
Wanaume bana. Nguo anakunja ili mikono ipate kazi. Mimi nikikasirika naosha masufuria, tena yaliyo safi, nayasugua hadi jirani anajua leo kwangu kumechafuka. Ukiona mwanamke ameshika kitu wakati wa ugomvi shukuru Mungu, wasiwasi uje siku akikaa anakuangalia mikono mitupu. Kicheko sina jibu, ila hilo neno "ndugu" mbele ya laki 2 yangu hata mimi ningecheka.

#5 Konda wa Zamani
Hahaha #4 umenikumbusha mama yangu, yeye alikuwa anatwanga. Hakuna cha kutwanga ila kinu kinalia. Mzee akisikia kinu saa 2 usiku anavaa kofia anatoka kwenda kwa rafiki yake, anarudi watu wamelala.

#6 Fundi Jokofu
Namrekebisha kidogo Mwalimu wa Zamu, maana hii asilimia 93 inazunguka kwenye kila semina ya ujasiriamali na haiko hivyo. Inatoka kwa mwanasaikolojia anaitwa Mehrabian, tafiti zake 2 za mwaka 1967 huko Marekani. Watu walisikilizishwa neno moja moja linatamkwa kwa sauti tofauti, kwenye utafiti mmoja neno lenyewe lilikuwa "labda", wakaonyeshwa na picha za sura, halafu wakaulizwa huyu msemaji anampenda anayeongea naye au hampendi. Ndo zikatoka hizo 7 za maneno, 38 za sauti na 55 za uso. Yaani inahusu hisia za kupenda na kutopenda pale sura na neno vinapopishana, sio mawasiliano yote. Ingekuwa yote basi ungeangalia taarifa ya habari ya Kichina umezima sauti na ukaelewa zaidi ya nusu.

#7 Mwalimu wa Zamu
Asante mkuu, na nilipewa na cheti kabisa kwenye hiyo semina. Ila dharau iko palepale.

#8 Binti Chumbageni
Nyie wa bara mnapata tabu sana. Kwetu Tanga mwali anafundwa, somo yako anakwambia mume hatukanwi, mume anaonyeshwa. Anaonyeshwaje? Leo udi hauchomwi. Maji ya kuoga yapo ila hayajapashwa. Chakula kimefunikwa kawa vizuri kabisa ila hukaribishwi, kinakaa pale kama cha mgeni asiyefika. Usiku unakuta mto umehamishwa, mnalala mzungu wa nne, nyayo zake ziko puani kwako. Na asubuhi anafagia uwanja kajitanda kanga imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", wewe umesimama na mswaki mdomoni huna la kusema maana ukiuliza utaambiwa hii ni nguo tu nimenunua dukani, kwani wewe umekuwaje.

Sasa Mtu wa Kihonda swali langu ni hizo nguo anazokunja ni zipi? Kama ni kanga soma maandishi kabla hujaleta uzi.

#9 Mtu wa Kihonda
Dada nimecheka kwa kweli. Ni mashati yangu na sare za watoto. Kanga ziko kwenye begi hazigusi, ila nimeenda kuchungulia sasa hivi, ya juu kabisa imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Sijui nianze kuogopa.

#10 Kijiko cha Chai
Ogopa.

#11 Leso Mbili
Nasoma hapa Mombasa, sisi twaita leso. Hayo maneno si ya jana, yalianza kutiwa kwenye leso mwanzo wa karne ya 20 na zamani yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hazijaja hizi, na hadi leo ukiona pindoni pameandikwa Mali ya Abdulla ujue hiyo yatoka kwetu. Lakini dada wa Chumbageni nakupinga kidogo, si kila leso ni barua. Mamangu alinunua leso kwa ajili ya rangi tu, babangu akanuna wiki nzima akidhani keshaambiwa yeye. Kumbe mama siku ile dukani hata miwani hakuvaa, hajui kilichoandikwa. Wiki nzima mzee hali, tukaambiwa ana homa.

#12 Binti Chumbageni
Kaka, mwanamke wa pwani anunue leso bila kusoma jina? Mama alikudanganyeni nyote.

#13 Kobe Mzee
Ngoja nilete kitu. Kuna Mmarekani anaitwa John Gottman, yeye na mwenzake Levenson wamechunguza ugomvi wa wanandoa kwa miaka mingi sana. 1986 akafungua maabara pale Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, imekaa kama nyumba ya kupanga, wanandoa wanaenda kukaa mle huku kamera zinawachukua. Wanafungwa vipimo vya mapigo ya moyo halafu wanaambiwa zungumzeni lile jambo linalowagombanisha, dakika 15. Wachunguzi hawakusikiliza maneno tu, walikuwa wanahesabu uso, macho, sauti, nani kageuka, nani kainamisha kichwa.

Alitaja vitu 4 vinavyoua ndoa: kumshambulia mtu tabia yake, dharau, kujitetea kila saa, na kugeuka ukuta yaani humjibu humtazami unakuwa kama humo ndani. Kati ya hivyo 4 alisema dharau ndo mbaya kuliko vyote, na dharau yenyewe inaonekana usoni kabla ya mdomo: kuzungusha macho juu, na hiyo kona moja ya mdomo. Kwa hiyo Mwalimu wa Zamu hakukosea sana, amekosea namba tu. Ila mtoa mada huyo mkeo anakuchanganyia viwili, ukuta NA kona ya mdomo. Mimi ningekaa naye mapema.

#14 Konda wa Zamani
Maabara ya kugombana! Wanakulipa? Mimi na mama watoto tungehamia kabisa na godoro letu.

#15 Fundi Jokofu
Kobe Mzee heshima yako mkuu, ila tuweke na upande wa pili. Ile sifa ya kwamba jamaa anatabiri talaka kwa zaidi ya asilimia 90 wenzake wameikosoa, kwa sababu hesabu ilipangwa wakati tayari inajulikana nani kaachana na nani hajaachana. Ni kama mimi nikwambie jokofu lako lingekufa Jumanne wakati leo ni Alhamisi na limeshakufa. Kutabiri ni kabla.

Na hiyo kona ya mdomo ilitoka kwa wanasaikolojia Ekman na Friesen mwaka 1986, wao ndo walisema dharau ina sura yake dunia nzima. Akaja mwanasaikolojia mwingine, Russell, mwaka 1991 akasema haya, wape watu picha hiyohiyo bila kuwapa orodha ya majibu ya kuchagua. Waliosema wenyewe "dharau" walikuwa wachache mno, wengine wakasema amechukia, amechoshwa, kila mtu na lake. Ndo hiki tunachofanya kwenye huu uzi tangu saa 1.

#16 Mpiga Plasta
Naomba niongee kama mhusika maana mimi ndo huo ukuta anaosema Kobe. Kazi yangu plasta, ukuta nyumbani, ukuta kazini. Mke wangu wa kwanza alikuwa anaongea haraka sana akikasirika, na mimi akianza tu masikio yanajaa kama nimezama kwenye maji, moyo unaenda mbio, mikono inakuwa ya baridi, naona mdomo wake unacheza ila maneno siyapati tena. Basi naangalia TV. Imezimwa lakini naiangalia. Yeye akawa anaona nimemdharau ndo anaongeza sauti, akiongeza sauti ndo mimi nazama zaidi. Tuliishi hivyo miaka 4 na siku anaondoka aliniambia "mimi niliolewa na kabati".

Sikuwahi kumdharau yule mwanamke hata siku moja. Nilikuwa naogopa. Sijui naogopa nini, sio kupigwa.

#17 Kobe Mzee
Pole sana ndugu yangu. Unachosema kipo kabisa kwenye hizo tafiti, mapigo yakipita 100 kwa dakika umekaa tu kwenye kiti, mtu anakuwa hasikii tena vizuri wala hafikirii vizuri, na wanaogeuka ukuta wengi ni wanaume, kwenye sampuli ya Gottman ilikuwa asilimia 85. Ushauri ulikuwa mkatishe mazungumzo angalau dakika 20, ila UMUAGE, umwambie narudi. Ukiondoka kimya umeongeza kosa juu ya kosa.

#18 Mama Pilipili
Wa kwangu akiaga dakika 20 anarudi saa 7 usiku ananuka nyama choma.

#19 Baridi ya Ohio
Mimi niko Columbus huku, mke wangu Mmarekani. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunagombana kuhusu macho. Sio kwamba naangalia wanawake, hapana, macho yangu kwake. Mimi nimelelewa mtu mzima akikugombeza unainamisha uso, ukimkodolea unakula kofi la pili. Sasa yeye akianza kulalamika mimi natazama zulia, kwangu ndo adabu, ndo namwambia nimekosea naomba yaishe. Yeye anapiga kelele niangalie ninapoongea na wewe! Nikimwangalia naona kama namtunishia misuli. Nikiangalia chini naonekana sijali au nimeficha kitu. Ilibidi dada yangu amweleze kwa simu. Siku hizi naangalia paji la uso, tumekutana katikati.

#20 Kijiko cha Chai
Ila kukwepesha macho si ndo dalili ya uongo jamani? Hata polisi wanajua.

#21 Muuguzi wa Usiku
Hapana Kijiko. Hilo watu wa nchi nyingi wanaliamini ila likipimwa halisimami, muongo mzoefu anakukazia macho vizuri tu. Watafiti Bond na DePaulo mwaka 2006 walikusanya tafiti nyingi za watu kubahatisha nani mkweli nani muongo, wastani ukawa asilimia 54. Kurusha sarafu ni 50. Kwa hiyo wanaojisifu humu "mimi nikimwangalia tu najua" mnazidi sarafu kidogo sana.

Na mimi kazi yangu inanilazimisha niulize swali jingine. Mtu wa Kihonda, huo mdomo unapanda upande mmoja wakati wa ugomvi tu au na muda mwingine? Kuna tatizo la mshipa wa fahamu wa uso, upande mmoja unalegea ghafla, sasa mtu akicheka unapanda upande mmoja tu, na jicho la upande uliolegea linakuwa halifumbi vizuri, chai inamwagika kwenye kona. Hilo linatakiwa hospitali mapema, siku 3 za mwanzo zina maana sana kwenye dawa. Na kama na mkono umekosa nguvu au ulimi mzito hapo ni kiharusi, usisubiri hata saa moja, na usije humu kuuliza.

#22 Mtu wa Kihonda
Asante dada muuguzi, hapana, akiangalia vichekesho anacheka mdomo mzima hadi gego linaonekana. Chai inaingia yote. Ni kwenye ugomvi tu, na sio kila ugomvi, ni ule ambao mimi ndo naongea sana.

#23 Konda wa Zamani
Tumetoka dharau tumefika hospitali, na bado ukurasa wa kwanza. Nchi hii.

#24 Mama Pilipili
Subiri kwanza. Tunamchambua shem tangu jioni, mdomo wake, mikono yake, kanga zake. Mtu wa Kihonda, WEWE unakuwa umekaaje? Kabati liko chumbani si ndiyo? Wewe unasimama wapi?

#25 Mtu wa Kihonda
Nasimama tu kawaida. Mlangoni.

#26 Mama Pilipili
Na mikono?

#27 Mtu wa Kihonda
Mkono mmoja unashika fremu ya mlango, mwingine naelezea. Nikikolea naweza kuwa naonyesha kidole, ila simuonyeshi yeye, naonyesha tu pointi.

#28 Mama Pilipili
Nilijua. Mwanaume kajaza mlango, mkono juu, kidole kinakwenda mbele na nyuma, halafu anauliza mbona huyu hakai na mimi tukaongea. Atapita wapi mkuu? Anakunja nguo kwa sababu kabati ndo mahali pekee alipobakishiwa. Na hicho kicheko si dharau wala si furaha, ni kile cha mtu anaekutana na mbwa barabarani, unacheka cheka huku unapita pembeni. Mtoto akigombezwa darasani anatabasamu, mwalimu anaongeza fimbo anaona amedharauliwa, kumbe mtoto anaomba msamaha na uso.

#29 Mwalimu wa Zamu
Hapo kwa mtoto darasani nimeguswa. Nimewachapa hao.

#30 Mtu wa Kihonda
Dada, mimi sijawahi kumnyanyulia mkono mke wangu, Mungu shahidi. Urefu wangu ni wa kuzaliwa. Sasa nikisimama niwe mfupi?

#31 Jirani Mwema
Na huo ndo mtindo wa humu, mwanaume akileta uzi kabla hujafika ukurasa wa pili ameshakuwa mshtakiwa. Jamaa kasema mkewe mpole. Mimi wa kwangu nisiposimama mlangoni anaondoka na funguo ya gari. Kila nyumba na ramani yake.

#32 Binti Chumbageni
Hakuna aliyemshitaki Jirani. Ila mwili unaongea hata wa mwanaume, na mlango ni mlango. Kaa chini kaka, hata kwenye ndoo. Na kwa wanaosoma kimya kimya: kupiga ukuta ngumi, kuvunja glasi, kumfungia mtu njia makusudi hayo tusiyaite lugha ya mwili tukayachekea. Sheria ya Ndoa yetu Tanzania ni ya mwaka 1971 na kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenza wake. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia. Nimemaliza, rudini kwenye karanga.

#33 Baridi ya Ohio
Nyongeza fupi ya upande wa mikono. Mwaka 2006 mtaalamu anaitwa Coan alichukua wanawake 16 walioolewa akawaweka kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakaambiwa mnaweza kupigwa shoti kidogo mguuni. Wakishika mkono wa mume sehemu za ubongo zinazoshtuka zilitulia kuliko wakishika mkono wa mtu baki, na waliokuwa na ndoa nzuri ndo walitulia zaidi. Kwa hiyo mkuu badala ya kidole jaribu kiganja.

#34 Konda wa Zamani
Watu 16 tu? Hiyo hata daladala haijai. Ila mimi nilijaribu kumshika mkono akiwa anakata kitunguu. Msijaribu.

#35 Mpiga Plasta
Kumshika mtu aliyekasirika inategemea. Mimi nilikuwa nikiguswa wakati ule ndo nakazana zaidi. Muulize kwanza.

#36 Mtu wa Kihonda
MREJESHO. Wakuu samahani nilipotea siku 2, luku iliisha na simu haikuwa na chaji.

Jana usiku tukaanza tena ile ya laki 2 kwa sababu haikuwa imeisha. Nikakumbuka huu uzi. Nikaingia ndani ya chumba nikakaa kwenye kigoda cha mtoto, mlango nikauacha wazi nyuma yangu, mikono nikaweka kwenye magoti kama napigwa picha ya pasipoti. Yeye ameshika suruali anaikunja. Akasimama akaniangalia muda mrefu akaniuliza unaumwa? Nikasema hapana. Akasema mbona umekaa hivyo. Nikasema tuongee. Akaweka suruali chini. WAKUU ALIIWEKA CHINI. Akakaa kitandani.

Tukaongea vizuri kama dakika 10, nikasema nimekosea kutokukushirikisha. Nilivyosema tu nimekosea ile kona ya mdomo ikapanda! Palepale! Nikamuuliza kwa upole unacheka nini? Akasema nani kacheka? Akajishika mdomo. Nikamwambia umecheka upande huu. Akaenda kwenye kioo cha kabati akajiangalia, akasema mimi sijacheka kabisa, nilikuwa nakusikiliza. Na alionekana hadanganyi, ingawa ndo hivyo, asilimia 54.

Asubuhi kamuuliza dada yake kwa simu, dada mtu anasema "hata mama anafanya hivyohivyo, baba alikuwa anakasirika sana". Kwa hiyo sasa hivi sijui ndo nimeelewa au ndo nimepotea zaidi. Kidole kweli sikukitumia.

#37 Muuguzi wa Usiku
Hongera kwa kigoda. Kuhusu kutojijua hilo nalikubali, uso wako unaoona wewe ni wa kwenye kioo umeshajiweka sawa, ule wa katikati ya ugomvi wanauona wengine tu.

#38 Mwalimu wa Zamu
Kama amerithi kwa mama basi wamerithishana dharau. Mama mkwe alikuwa anamdharau baba mkwe. Silegezi.

#39 Mama Pilipili
Mwalimu wewe na dharau yako mmeoana. Mimi nimebadilisha mawazo kidogo maana imetoka hata alipokaa chini na mlango uko wazi, kwa hiyo woga peke yake hautoshi. Jaribuni kitu hiki, simama mbele ya kioo ung'ate shavu kwa ndani upande mmoja kama unazuia kulia. Kona inapanda. Mimi msibani nafanya hivyo nisilie kabla ya maiti kufika. Yule dada anajizuia, na aliposikia "nimekosea" ndo machozi yalitaka kutoka kabisa.

#40 Kijiko cha Chai
Nimejaribu kwenye daladala, abiria wa mbele kahama siti.

#41 Mtu wa Kihonda
Nimejaribu kwenye kioo cha pikipiki. Inafanana SANA. Ila ya kwake ni fupi zaidi, inakuja inapotea. Fundi unasemaje?

#42 Fundi Jokofu
Mimi nasema huwezi kufungua jokofu kwa kuliangalia taa. Una dharau, una woga, una kuzuia machozi, una tabia ya ukoo, zote zinatoa sura hiyohiyo. Labda na zote nne kwa siku tofauti. Ulimuuliza mara moja akasema hajui, basi hajui.

#43 Leso Mbili
Au hakuna kitu. Kama leso ya mamangu.

#44 Binti Chumbageni
Leso ya mamako ilikuwa na kitu, nitasema hadi kesho. Iliandikwaje?

#45 Leso Mbili
"Wasemao na waseme".

#46 Binti Chumbageni
Na mzee wiki nzima hali! Yeye ndo alikuwa anasema. Haya nyamaza.

#47 Mpita Njia
Sijasoma uzi wote ila huyo mwanamke anatoka nje, chunguza simu.

#48 Konda wa Zamani
Mpita Njia pita tu, kama jina lako.

#49 Kobe Mzee
Mtu wa Kihonda umesema "sio kila ugomvi" kule #22. Mara ya kwanza imekuja kwenye neno ndugu, mara ya pili kwenye nimekosea. Kuna nyingine unaikumbuka?

#50 Mtu wa Kihonda
Mwaka jana, mdogo wangu huyohuyo alikaa kwetu miezi 4 akitafuta kazi. Siku namwambia waifu kwamba ataongeza mwezi mmoja. Sasa ndo nakumbuka nguo zilitoka kabati zima siku ile.

#51 Kijiko cha Chai
Karanga zimeisha ila na mimi nina swali. Hiyo fremu ya mdogo wako ni ya biashara gani?

#52 Mtu wa Kihonda
Mitumba. Mashati ya kiume, alikuwa anatembeza begani sasa amepata sehemu ya kukaa. Ana vitu vizuri, mkiwa Moro mnitafute niwapeleke.

#53 Mama Pilipili
Na lile shati lililokunjwa mara 3, lilitoka wapi?

#54 Mtu wa Kihonda
Wakuu nitarudi.